Mbavu za Kaka

Katika ukoo wetu, mwandishi wa wasifu wa marehemu ni mimi. Kazi hiyo sikuiomba. Nilikabidhiwa mara tu niliporudi na shahada ya fasihi, ambayo kwa maoni ya ndugu zangu haikuwa na matumizi mengine. Mtu akifariki, wengine hukimbilia turubai na viti, wengine ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji, mimi natafuta kalamu. Nimewazika mashangazi, wajomba, na jirani mmoja ambaye sikumpenda hata kidogo, wote kwa sentensi nzuri.

Sentensi ya mwisho huwa haibadiliki: alifariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali. Huku juu mlimani wengi hufia njiani, kwa sababu njia yenyewe ni ndefu na gari hutafutwa baada ya mtu kuanguka. Nilikuwa nikiiandika bila kuifikiria, kama mtu anavyoandika "wako mtiifu".

Kisha akafariki kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa. Yeye ndiye aliyebaki kihambani, kwenye migomba na kahawa za baba yetu. Kwa mila zetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, yaani mimi, lakini kitinda mimba alikuwa mjini, Shirimatunda, akiandika makala kuhusu uzuri wa maisha ya kijijini. Mke wa kaka alishatangulia miaka mingi. Kaka alikuwa akiishi na binti yake wa pekee, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea uuguzi.

Jumapili ile nilipanda kuwasalimia. Kaka alikuwa akimtania bintiye kuhusu semina ya vijana parokiani, ambako muuguzi mmoja aliwafundisha huduma ya kwanza. Kwa kukosa sanamu la kufanyia mazoezi, walikata mgomba, wakaulaza chini na kuuvalisha shati, wakabonyeza hapo.

"Nimelipa ada miaka yote hiyo," kaka alisema, "mtoto anakwenda kufufua mgomba. Ulipona?"

"Ulikuwa umechelewa kuletwa, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua panga akanikatie mkungu wa mchare, ndizi zetu za kupika, maana hakuwahi kuniacha nishuke mjini mikono mitupu. "Mchare mnaonunua sokoni ndio umekupa sura hiyo," aliniambia, akaingia migombani. Tulisikia mkungu ukianguka. Baada ya kitambo tukasikia kitu kingine kikianguka.

Tulimkuta chali kati ya mashina mawili. Kaka yetu mkubwa, ambaye nyumba yake inapakana na pale, alifika karibu pamoja nasi. Binti alipiga magoti, akamgusa baba yake mabegani, akamwita kwa nguvu. Kimya. Akainamisha shavu karibu na mdomo wake huku akikitazama kifua. Koo la kaka lilikuwa likitoa mkoromo, mmoja, kisha baada ya muda mwingine.

"Anapumua," kaka mkubwa alisema. "Amechoka tu. Mwacheni apate hewa."

"Huko si kupumua, baba mkubwa."

Aliweka kiganja katikati ya kifua, akaweka kingine juu yake, akanyoosha mikono na kuanza kubonyeza. Mimi nilidhani jambo hilo hufanywa kwa upole, kama kumkanda mgonjwa. Lilikuwa la nguvu na la haraka. Kifua kilizama, akakiacha kiinuke, akakizamisha tena. Punde kidogo kitu kikalia ndani, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Binti alifumba macho na hakuacha kubonyeza.

"Baba mdogo, njoo upande huu. Nikichoka unashika wewe, hapohapo, bila kupumzika."

Nilishika. Alinisahihisha kama mwalimu wa chekechea.

"Zaidi."

"Nitamuumiza."

"Zaidi, baba mdogo. Usikunje viwiko."

Tulipokezana hivyo, yeye na mimi, mpaka pikapu ya jirani ilipofika, ile inayopeleka ndizi sokoni Himo. Majani makavu ya migomba yalikuwa bado yametandikwa nyuma. Binti alisema tumlaze hapo chali, yeye apande naye aendelee kubonyeza hadi hospitali.

Kaka mkubwa aliyatazama yale majani. "Ndugu yangu hapakiwi kama ndizi."

"Baba mkubwa, akikaa siwezi kubonyeza."

"Nimesema."

Nataka nimtendee haki. Ni mzee aliyelelewa kuamini kwamba mwanamume mwenye mji wake hapiti barabarani akiwa amelazwa nyuma ya gari huku watu wa kanisani wakimtazama. Walimkalisha mbele, katikati ya dereva na kaka mkubwa. Kaka mkubwa alimfunga vifungo vya shati, akamlaza kichwa begani kwake na kumshika mkono njia nzima. Sijaona mtu akibebwa kwa heshima kuliko ile. Mimi na binti tulikaa nyuma, juu ya majani. Kupitia kioo aliangalia kisogo cha baba yake kikiyumba kila tulipopiga kona, na mikono yake alikuwa ameiweka mapajani, imefunguka.

Hospitalini daktari hakuchukua muda mrefu.

Maneno yalianza siku tulipokwenda kumvalisha suti mochwari. Binamu wawili waliosaidia kumgeuza walirudi nyumbani wakisema kifua kinacheza. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka viti vyote chini ya turubai: mtoto kamvunja baba yake mbavu.

"Alimkalia kama anatwanga mahindi," alisema shangazi ambaye hakuwapo.

"Hata mimi nilibonyeza," nikasema. "Huenda ni mimi niliyemvunja."

Binamu mmoja akaniangalia mikono, kwa huruma. "Wewe? Hiyo mikono haijawahi kuvunja hata muwa."

Watu walicheka, maana hata msibani watu hucheka. Nilikuwa nimejitolea kubeba lawama na nimekataliwa kwa kukosa sifa. Niliwaeleza alichoniambia daktari: kwa mtu wa umri ule, ukibonyeza inavyotakiwa, mbavu huvunjika mara nyingi, ubavu huunga, moyo uliosimama hauungi wenyewe. Walinisikiliza kama wanavyosoma makala zangu, yaani kwa adabu, na nilipomaliza wakarudi kwenye walichokuwa wakisema.

Binti hakutoka jikoni. Alimenya ndizi za msiba mzima, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Wanawake wakimpokea kisu anatafuta kingine. Alishasema hatakwenda chuoni. Nilimwona kama mtu anayewekewa jina, na huku kwetu jina la namna hiyo haliishi na matanga. Siku atakapoolewa mtu atalitaja. Siku mtoto wake mwenyewe atakapougua, atalitaja yeye.

Nilichoweza kufanya ni kile nilichosomea. Nilikaa naye jikoni, moshi ukinitoa machozi niliyokuwa sijayapata mwenyewe, nikaandika wasifu wa kaka. Nilipofika mwisho nilimsomea: moyo wake ulisimama shambani, binti yake aliubonyeza kwa mikono yake kama alivyofundishwa, wala hakumwacha, na kama mbavu zilivunjika, ni kwa sababu alibonyeza sawasawa.

"Futa," alisema.

"Huo ni ukweli."

"Futa hapo pa kumwacha."

Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji.

"Baba mdogo, unadhani nalilia mbavu? Nilizisikia zikivunjika na nikajua niko mahali penyewe. Muuguzi alituambia usiache mpaka mtu mwingine ashike, au mgonjwa aanze kupumua. Nilimwacha. Wakamkalisha kama anakwenda harusini, nikapanda nyuma nikamtazama. Njia yote ile hakuna aliyekuwa akimsukumia damu."

"Ulikatazwa."

"Nilitii. Nyuma ya pikapu ningeweza. Ningejishikiza ubavuni mwa gari, wewe ungenishika kiuno. Ningeweza."

Nilimwambia lile jingine alilosema daktari, kwamba wengi hawarudi hata kila kitu kikifanywa barabara.

"Sikuulizi habari za wengi," alisema, akachukua ndizi nyingine.

Nilifuta maneno mawili. Mazikoni, mbele ya padri na kijiji, nilisoma yaliyobaki, pamoja na mbavu. Mtu akakohoa, na kuanzia hapo habari ya mbavu ilipungua nguvu, labda kwa sababu ikishasomwa kwa sauti karibu na kaburi haina tena utamu wa kunong'onwa. Kisha nikasoma sentensi ya mwisho, ileile. Alifariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipoifikiria.

Siku waliposhusha turubai, kaka mkubwa alikuja jikoni. Wazee wa rika lake hawaingii jikoni. Alisimama mlangoni kwanza kama mgeni asiye na hakika na nyumba. Binti akainuka. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama huku na huku. "Nionyeshe ulivyokuwa unamfanyia."

Binti alinitazama, mimi nikatazama meko. Alichukua blanketi, akalikunja nene, akaliweka sakafuni. Mzee alishuka taratibu, goti moja, kisha la pili, akishikilia stuli. Binti alimpanga vidole.

"Hivi?"

"Nyoosha mikono. Tumia uzito wa mwili. Zaidi, baba mkubwa. Sasa achia, kifua kirudi."

Alibonyeza. Kofia ilimwanguka na hakuiokota. Alibonyeza mpaka jasho likamtoka, pumzi zikamkata, na bado hakuomba apumzike. Alipoacha aliiacha mikono juu ya blanketi.

"Kule nyuma ya pikapu," alisema bila kuinua kichwa. "Ungeweza kufanya hivi?"

Nilimwona binti akivuta pumzi. Nilijua jibu, na nilijua kwamba ana haki nalo.

"Barabara ile ina mashimo mengi, baba mkubwa," alisema. "Nisingeweza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ningekuwa naanguka tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayehesabu. Binti alipitisha mkono chini ya kwapa lake, akamwinua, akamfuta vumbi magotini kwa upande wa kanga yake.