Koti Lililokataliwa na Mwenyewe

Mama yangu mdogo alipiga pasi kwenye duka la dobi kwa miaka kumi na moja, na naweza kuapa kwamba pasi yenyewe hakuwahi kuipenda hata siku moja. Alichopenda ni matundu. Wenzake wakiona shati limetoboka husikitika. Yeye alichangamka kama mtu aliyeitwa kula.

Ukienda kumtembelea na soksi iliyotoboka, unaondoka hukumbuki tena kidole gumba kilikuwa kinachungulia wapi. Na usidhani alitia kiraka. Kiraka alikidharau, alisema ni kukiri kosa hadharani. Yeye alichomoa nyuzi kwenye upindo wa ndani wa nguo ileile, mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu anayechungulia, kisha akazipitisha kwa sindano nyembamba, juu, chini, juu, chini, akifuata jinsi kitambaa kilivyofumwa, mpaka tundu lenyewe linasahau kwamba liliwahi kuwepo. Tundu la ukubwa wa ukucha lilimlia jioni nzima, na hakulalamika.

Shida ni kwamba ugonjwa huo aliupeleka kazini. Nguo ya mteja ikifika mezani kwake na tundu, mkono ulimwasha. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki anaziba. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyejua, na wateja walivaa wakaenda zao. Ukweli ni kwamba watu wengi hawazijui nguo zao.

Isipokuwa dalali mmoja wa nyumba, aliyekuwa na koti la kijivu lenye tundu la sigara kwenye kiwiko. Siku aliyokuja kulichukua alilivaa, akapapasa kiwiko, akalivua.

"Hili si langu."

"Ni lako, mzee," alisema mwenye duka. "Namba yako hii hapa."

"Namba yangu, koti la mwenzangu. Langu lina tundu hapa. Nalijua tundu langu kama ninavyomjua mke wangu."

"Sasa unalalamika kupewa koti zima?"

"Nalalamika kupewa la mtu. Mwenyewe akinivua njiani mbele ya wateja wangu, utakuja kunistiri wewe?"

Dobi anayebadilisha nguo za watu hana biashara. Waliokuwa kwenye foleni walikwisha kuanza kukunjua zao na kuzikagua. Mwenye duka akatoka jasho. Hapo mama mdogo akaweka pasi chini, akasogea mbele.

"Ni lake. Tundu nimeliziba mimi."

Hakuna aliyemwamini. Mwenye duka alilipeleka koti dirishani, akaligeuza nje ndani, akalirudisha, hakuona kitu. Ikabidi fundi athibitishe kazi yake kwa kuiharibu. Alichukua sindano, akaitafuta ncha ya uzi aliyoijua peke yake, akavuta taratibu. Nyuzi zikatoka moja moja, na tundu likafumbua jicho palepale.

Dalali alilitazama kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. "Eeh. Hili ndilo langu." Akamsukumia koti mama mdogo. "Sasa mama, hebu lirudishe ulivyokuwa umelifanya."

Watu walicheka. Mwenye duka hakucheka. Walipoondoka alimwita pembeni.

"Hapa tunafua na tunapiga pasi. Leo umeniponza, kesho utaharibu nguo ya mtu nikose la kusema. Pasi au sindano, chagua. Kwa heshima ya hii miaka nakushikia nafasi mpaka siku ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana. Usipokuja, nampa mwingine."

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuja juu. "Mdogo wangu, una watoto wawili wanasoma. Matundu hayalishi mtu."

"Dada, matundu yapo kila nyumba."

"Hata mbu wapo kila nyumba."

Mama mdogo akaweka meza kwenye dirisha la sebule yake, penye mwanga, akasubiri. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Kinyozi unaviona vichwa alivyonyoa, mshona viatu unaviona viatu. Huyu kazi yake ikiwa nzuri, hakuna cha kuonyesha. Nilimshauri atundike sampuli mlangoni.

"Watu wataona nini?"

"Nguo nzima."

"Kwani wao wanatembea uchi?"

Nikamshauri basi atumie uzi wa rangi nyingine, kazi ionekane. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mzazi. "Yaani niharibu ili nisifiwe?" Tangu hapo ushauri wangu wa kibiashara nimeuweka akiba.

Aliyemwokoa ni dalali. Mtaji wa dalali ni mdomo, na huyu alikuwa nao wa kukopesha. Kila chumba alichokwenda kuonyesha, kabla hajafungua mlango, alinyoosha kiwiko: "Tafuta tundu." Watu wakapapasa, wakabisha, wakaitana. Kufika wiki ya tatu, mwalimu alileta sweta, dereva akaleta suruali, na wengine walileta nguo kwa ubishi tu, waone kama ni kweli. Waliondoka kimya, wakarudi na za wake zao.

Siku ya mwisho ya mwezi mama alinituma nihakikishe mdogo wake anakwenda kwa dobi. Nilimkuta ameinamia koti jeusi la mpiga tarumbeta, lililonaswa na misumari mikono yote miwili, na mwenyewe alilitaka jioni.

"Mama mdogo, saa tano na nusu. Mama kasema twende."

"Mm." Alikuwa ameuma uzi.

"Saa sita kasorobo."

"Sogea huko, unanizibia mwanga."

Nikasogea, nikakaa. Alikuwa anahesabu nyuzi kwa kunong'ona, na uso umetulia kabisa. Uso huo sikuwahi kuuona kwenye meza ya pasi, nami nimempelekea chakula pale tangu nikiwa shule ya msingi. Nilinyamaza, jambo ambalo ndugu zangu hawataliamini.

Mwishowe aliinua kichwa, akasugua macho.

"Saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

Nikajiandaa kumfariji, maneno nilikuwa nayo, tena mazuri. Yeye akavuta mkono wa koti kuelekea dirishani, akapitisha kidole gumba palipokuwa na tundu, mara mbili.

"Basi kamwambie mama yako nimechelewa," alisema. "Ila kabla hujaenda nitungie uzi kwenye hii sindano. Macho yamechoka, na bado kuna mkono wa pili."