Mgeni Mlangoni, Bao Barafuni

Saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, siku ya Ijumaa, mlango wa ukumbi wa barafu ulifunguliwa. Akaingia mzee mwenye kilemba cha zambarau, bakora mkono mmoja na birika la kahawa mkono wa pili. Nikamgeuzia kamera. Nilimfuata tangu kizingitini mpaka kwenye kiti, uso ukiwa katikati ya picha, mwanga sawasawa, bila mtikisiko. Muda huo huo, upande wa pili wa kioo, timu ya mpwa wangu ilifunga bao.

Watu waliotazama mtandaoni wameyasimulia mambo haya kila mtu kwa njia yake, nami nayaandika kwa mpangilio yalivyotokea.

Hoki ya barafu inachezwa hapa Maskati kwenye ukumbi ulio ndani ya jengo la maduka. Nje, hata asubuhi, joto linakuganda shingoni. Ndani, watazamaji wanavaa makoti waliyonunua kwa ajili ya safari za Ulaya. Wachezaji sita kwa sita, golikipa akiwa mmoja wao, wanateleza kwa viatu vyenye makali ya chuma na kupigania kisahani cheusi cha mpira kwa magongo yaliyopinda. Kisahani ni kidogo, na kinakwenda kasi kuliko jicho. Hiyo ndiyo shida ya kuupiga picha mchezo huu, na ndiyo iliyonivuta.

Kwa miaka mingi nimepiga picha za harusi, upande wa wanaume. Sikusomea. Nilijifunza kwa vijitabu vinavyokuja na kamera, kamusi ikiwa pembeni, na kwa kurudia kazi yangu kila Jumamosi na kuandika palipoharibika. Harusi zilinifundisha mambo mawili yaliyonifaa barafuni. La kwanza ni weupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie mbele ya wanaume mia waliovaa dishdasha nyeupe, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na wote wanatoka kijivu kama waliovaa majivu. Barafu ni vivyo hivyo. Nilifungua mwanga kwa mkono tangu siku ya kwanza na barafu yetu ikatoka nyeupe, wakati video nyingi nilizoziona za watu wengine zina barafu ya rangi ya saruji.

La pili ni upanga. Kwenye razha, ngoma yetu ya panga, mtu huurusha upanga juu ukazunguka hewani kisha akaudaka. Mpiga picha mgeni huufuata upanga. Anapata dari na taa, na upanga unaposhuka ameshampoteza mwenyewe. Mimi humfuata mtu. Mabega yake yanaonyesha upanga utarudi wapi. Kwa hiyo barafuni sikukifuata kisahani. Niliyafuata mabega, na kisahani kilikuja chenyewe ndani ya picha.

Michezo tuliirusha moja kwa moja mtandaoni, na mtangazaji alikuwa dada yangu mkubwa, mstaafu wa wizara moja, mzaliwa wa Unguja, na ulimi wake unajulikana kuanzia Sidab mpaka Seeb. Kanuni nilimfundisha mimi. Maneno aliyatunga mwenyewe. Golikipa wa timu, ambaye ndiye pia nahodha, ni mwanawe wa mwisho, huyo huyo mpwa wangu, na hakumpa nafuu yoyote hewani kwa sababu hiyo.

"Huyo golikipa munayemuona," aliwaambia watazamaji siku ya kwanza, "nyumbani ukimwambia nipokee sahani, inaanguka. Hapa ati anadaka. Haya, na tuone."

Watazamaji walimpenda. Walikuwa jamaa zetu wa Unguja na Mombasa, na wengi zaidi kuliko tulivyotarajia walikuwa wanawake wa Uganda na Kenya wanaofanya kazi katika nyumba za hapa hapa Maskati, wanaoshika simu zao asubuhi ya Ijumaa nyumba ikiwa bado imelala.

Mzee mwenye kilemba alikuwa mfanyabiashara wa halwa, mwenye duka nyuma ya bandari ya Mutrah, anayewauzia watalii wa meli kubwa. Uongozi wa ukumbi ulitaka kuichukua saa yetu ya Ijumaa na kuwapa wenye sherehe za watoto, isipokuwa timu ilipe msimu mzima kwa mkupuo. Vijana hawakuwa na fedha hizo. Mzee alikuwa nazo. Alisema atalipa ikiwa jina la duka lake litakaa chini ya picha na ikiwa picha yenyewe inafaa kutazamwa. Bila yeye, timu ingekosa barafu, na barafu nyingine ya karibu iko nchi nyingine.

Ndiyo maana alipoingia niligeuka. Lakini ningegeuka hata kama hakuwa na riali moja. Kwetu mgeni mtu mzima akiingia, waliokaa wanasimama, na mpiga picha anamfuata mpaka anapokaa. Asipofanya hivyo, familia inaiona video na kuuliza amekosa nini fulani hata asionyeshwe. Na sikugeuka peke yangu. Wachezaji wa akiba walisimama kwenye benchi. Mabeki wa timu pinzani, vijana wa Kiomani waliolelewa vizuri, waligeuza vichwa. Mwamuzi naye aligeuka, akaweka mkono kifuani. Aliyebaki na macho kwenye kisahani alikuwa mchezaji wetu mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka nchi ya baridi, asiyejua aliyeingia ni nani. Aliona lango liko wazi, akapiga.

"Watazamaji, bao," alisema dada yangu kwa utulivu. "Nimeliona mie peke yangu na aliyelifunga. Nyinyi sasa hivi munaangalia ndevu za mgeni. Ndevu nzuri, lakini si bao."

Wapinzani walisema kisahani kiligonga mwamba kikatoka. Mwamuzi akateleza mpaka kwenye kioo, akaniomba picha. Nikamwonyesha nilichonacho. Alimtazama yule mzee kwenye kioo cha kamera, akamtazama kitini, akarudi kulifuta bao. Mchezo ukaisha sare.

Maoni yalikuwa yakimiminika kwenye simu ya dada. Moja alilisoma kwa sauti: "Mama, niko kazini, madam amelala, niko na dakika kumi tu. Goal iko wapi?"

"Mwanangu," dada akamjibu hewani, "hata sie tunaitafuta."

Baada ya mchezo tulikaa na mzee. Kwanza halwa, kisha kahawa, na hakuna aliyetaja fedha mpaka alipotikisa kikombe kuashiria ametosheka. Hapo akaomba kuiona video kwenye simu ya mpwa wangu. Aliitazama yote, akarudisha nyuma sehemu yake, akaitazama tena.

"Kwa hivyo bao hili nimelifunga mie," alisema.

"Kwa namna fulani, sheikh," mpwa wangu akajibu.

"Na mie mwenyewe sikuliona, kwa sababu nilikuwa nnaamkiana na watu. Na wa mtandaoni hawakuliona, kwa sababu walikuwa wananiona mie. Uso wangu nnao nyumbani, kwenye kioo. Nlipie riali kuuangalia hapa?" Akanigeukia. "Wewe mkono wako ni mzuri. Lakini unapiga harusi."

Sikubishana. Alikuwa sahihi, na aliyesema sahihi anarahisisha kazi. Akaweka sharti: Ijumaa ijayo haji. Atakaa kwenye baraza yake na simu. Akiweza kuufuata mchezo mwanzo mpaka mwisho bila kulazimika kumuuliza mtu kumetokea nini, atalipa msimu. Akishindwa, kila mtu na njia yake.

Wiki ile nilirudia video zote tulizokuwa nazo. Sikuona tatizo kwenye mwanga wala kwenye kufuata mchezo. Tatizo lilikuwa shingo yangu. Shingo iliyozoea miaka ishirini kugeukia mlango haibadiliki kwa nia njema, basi nikabadilisha mahali. Kamera niliihamishia upande wa mlango wenyewe, juu ya ngazi, mlango ukiwa nyuma yangu. Mpwa wangu naye aliwakusanya wachezaji wa timu zote mbili wakakubaliana kwamba watasimama kumpokea mgeni yeyote baada ya filimbi, si kabla. Akabandika karatasi mlangoni ya kuwaomba wageni wasubiri filimbi ndipo watoe salamu.

"Unaibandika karatasi hiyo kumuomba radhi nani?" mama yake alimuuliza.

"Wazee, mama."

"Wazee hawasomi milango."

Ijumaa ya pili mchezo ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Nilikuwa na uhakika na kila picha. Watazamaji waliuliza kanuni, hawakuuliza kumetokea nini, na tofauti hiyo niliiandika. Tulikuwa tunaongoza tatu kwa mbili, dakika zimebaki chache, beki wetu alipomwangusha mshambuliaji wao aliyekuwa peke yake na lango. Mwamuzi akatoa penalti. Kwenye hoki ya barafu penalti haipigwi mtu amesimama. Mpigaji anaanzia katikati ya uwanja na kisahani chake, anateleza mpaka kwa golikipa, wawili tu, wengine wote wanaangalia.

Mpigaji akakigusa kisahani. Na nyuma yangu nikasikia, "Assalamu alaikum."

Niliijua sauti. Alikuwa ami yetu, ndugu wa marehemu baba, mtu wa miaka themanini na ushei, mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo wetu. Alikuja kumwona mjukuu. Hakuna harusi hata moja niliyopata kupiga ambayo nilimwacha ami akae bila kumfuata na kamera.

"Waalaikumu ssalaam, ami," nilijibu, na sikugeuka.

Bakora yake ilipanda ngazi moja baada ya nyingine ikasimama mgongoni kwangu.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," alisema kwa sauti iliyokwenda moja kwa moja hewani, "au ni gogo la mnazi?"

Mpigaji alikuwa ameshaanza kuteleza. Niliuachia mkono wa kushoto uendeshe kamera, nikaurudisha wa kulia nyuma. Ami aliushika. Nilitaraji anipe mkono kisha auache. Hakuuacha. Aliung'ang'ania, kwa kuwa ngazi ile ilikuwa nyembamba naye hakuwa na mahali pengine pa kujishikia. Nikabaki hivyo, nusu yangu kwa ami na nusu kwenye barafu.

Kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, nisingeweza kumfuata mpigaji. Sikuhitaji. Kila alipokwenda ilimbidi aje kwa golikipa. Nilimweka mpwa wangu katikati ya picha, lango lote likionekana, nikauacha mkono utulie. Mpigaji aliingia kutoka kulia, akadanganya kushoto, mabega yakarudi kulia, na kabla kisahani hakijaondoka nilijua kitakapokwenda. Mpwa wangu alijua pia. Akaangusha goti, kisahani kikagonga kinga ya mguu wake na kubaki chini yake.

"Kakizuia," alisema dada yangu. "Nguo zile ninazifua mie. Leo ntazifua kwa raha."

"Kazuia nini?" ami aliniuliza sikioni.

"Kisahani, ami. Chini ya goti lake."

"Sijakiona kisahani chochote."

Dada yangu, aliyekaa kando ya kamera, akamnyooshea simu yake. Matangazo ya mtandaoni huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya mchezo, kwa hiyo kwenye simu mpigaji ndiyo kwanza alikuwa anakaribia lango. Ami aliisogeza simu usoni. Nilihisi vidole vyake vikikaza mkononi mwangu, kisha vikalegea.

"Ahaa," alisema. "Kile cheusi. Mbona hapa kinaonekana?"

Filimbi ya mwisho ilipopigwa, wote tulisimama, timu mbili na watazamaji, tukamwamkia kwa mpangilio. Kamera niliiacha ielekee barafu tupu.

Simu ya mpwa wangu ililia kabla hajavua viatu. Akaiweka sauti ya juu. Ni mzee wa halwa.

"Nna suali moja," alisema.

Mpwa wangu alinitazama. Sharti lilikuwa asilazimike kuuliza.

"Uliza, sheikh."

"Yule bibi anayetangaza, kila mara anamsimanga golikipa. Kamkosea nini?"

"Mimi ndiye golikipa, sheikh. Yeye mama yangu."

Tukamsikia akicheka, na nyuma yake watu wa baraza yake wakicheka pamoja naye.

"Hilo si la mchezo," alisema. "La mchezo sina la kuuliza. Yule aliyedanganya kushoto nilimuona, na goti nililiona. Waambie wenye ukumbi wanitumie hesabu. Na huyo mama asibadilishwe."

"Hatuwezi kumbadilisha," mpwa wangu akamwambia. "Tumeshajaribu nyumbani."

Jumatatu mzee alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya ukumbi, na vijana wakapewa karatasi yenye muhuri: saa yao ya Ijumaa ni yao mpaka mwisho wa msimu. Jina la duka nililiweka chini ya picha, dogo, mahali lisipoziba lango. Fedha ambazo timu ingelazimika kuzitoa mifukoni, la sivyo ikaikosa barafu, zilikuwa riali mia tisa na sitini.