Jina la Mjerumani Kwenye Daftari la Kijiji

Nilipata jina la ukoo la Kijerumani nikiwa darasa la tano. Tulilipata mchana mmoja, mimi, bibi yangu, wadogo zangu watatu na mbuzi wetu wawili.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipohamishwa kutoka mlimani kwenda kijiji kipya upande wa Kasulu. Karani aliyetoka pwani aligawa viwanja kwa kaya. Kwa desturi yetu Waha, kila mtoto alipewa jina lake kulingana na mambo ya wakati alipozaliwa. Mimi nilizaliwa wakati wa njaa, anayenifuata wakati wa ugomvi wa shamba, na majina yetu yalisema hivyo.

Karani akayasoma yote manne. "Bibi, hawa umewaokota wapi?"

"Kwenye tumbo la marehemu binti yangu."

"Ndugu wana jina moja la ukoo. Hawa nitawagawa kwenye kaya nyingine."

Bibi akafungua kopo lake, akatoa karatasi ya marehemu babu, aliyewahi kumbebea Mjerumani mizigo. Chini palikuwa na jina kubwa la Mjerumani huyo na muhuri. "Ukoo huu hapa."

Muhuri ulimtosha karani. Akatuandika wote kwa jina hilo, akaunganisha na mbuzi. Kiwanja tukapewa kando ya kijito.

Wiki iliyofuata muuguzi Mjerumani alikuja kuchanja watoto, kutoka misheni ya upande wa Kibondo. Alipoita majina yetu, ilibidi aketi kwa kicheko. Akatueleza kwamba kwao hilo ni jina la kazi, la mafundi wa magurudumu. Zamani hata wao hawakuwa na majina ya ukoo, mpaka makarani walipoyadai.

"Karani huyu huyu?" bibi akauliza.

Kijijini gurudumu lilikuwa kwenye baiskeli ya karani tu. Jioni hiyo karani akamletea bibi pancha aizibe.

Lakini muuguzi, alipoonyeshwa karatasi ya babu, alikuwa ameisoma kwa sauti. Ilimshukuru mpagazi aliyefikisha mizigo ziwani, bila kumtaja jina. Jirani yetu akaruka. "Baba yangu alibeba safari hiyo hiyo! Karatasi ni yake, na kiwanja ni changu!"

"Baba yako alibeba nini, zaidi yako mgongoni?" bibi akamuuliza.

Karani akazungushia kiwanja chetu penseli kwenye daftari, akaandika: "Subiri." Tulijenga, tukalima, bibi akazikwa hapo. Jirani naye kila msimu alikuja kupima kwa hatua. Karatasi alipewa nani, babu yetu au baba yake, hakuna aliyewahi kuthibitisha.