Unga Alioukataa Mjomba

Wajukuu zangu wakienda dukani huniletea mkate wa ngano, mweupe, laini, umefungwa vizuri kwenye karatasi. Nakula, nashukuru, lakini moyoni nasema hawa hawajaonja mkate. Mkate niliuonja mimi nikiwa msichana, Masasi, enzi za Mdachi, barazani kwa jirani yetu tuliyemwita Mama wa Mikate. Nikiukumbuka utamu wake, papo hapo namkumbuka mjomba wangu, na utamu wote unageuka shubiri. Mniwie radhi. Mimi si mwepesi wa kusamehe, na huyu kaburi lake limeota nyasi, likafyekwa, likaota tena, bado sijamsamehe.

Baraza la Mama wa Mikate lilikuwa chini ya mlima wa mawe, kwenye njia ya kisimani. Alikanda unga wa mtama kwa togwa lililochachuka, akaufunika mpaka uumuke. Kunde alizichemsha zikalainika, akaziponda na asali ya nyuki, akazitia katikati ya donge, akalifunga kwa jani la mgomba na kulioka chunguni, makaa chini, makaa juu ya kigae. Ukipita pale asubuhi na njaa yako, miguu inakataa kwenda kisimani. Na hakuwa mtu wa bei. Mwenye heleri, ile sarafu ya Mdachi, alitoa heleri, asiye nayo alileta mzigo wa kuni au kibaba cha mtama, na asiye na kitu alifagia uwanja akala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kuni, au umekuja na mdomo?"

"Vyote viwili, Mama."

"Haya, kuni weka pale. Mdomo lete hapa."

Nilikwenda na mdogo wangu wa kike, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele. Alikuwa na ulaji wake, mtoto yule. Alitoboa mkate kwa kidole, akazinyonya kunde zote, kisha akanirudishia ganda tupu. "Chukua, dada," aliniambia. "Wewe una meno." Mama wa Mikate alicheka mpaka akaketi chini.

Mjomba naye alikula pale kila siku ya Mungu, bila kuni wala heleri. Nani angemdai? Sisi Wayao mjomba ndiye mwenye watoto, na huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mwenye kutumiminia unga. Kwetu hakuna aliyefunga safari kabla mkubwa hajaumimina unga kwenye shina la mti wa mizimu, polepole, mpaka usimame na kilele chake, kisha akausomea fatiha na kuufunika kwa chungu. Asubuhi chungu hufunuliwa. Unga ukikutwa umesimama, nendeni. Ukikutwa umebomoka, kaeni. Aliyekaidi akapatwa na jambo njiani, lawama ilikuwa yake na ya watoto wake. Mama yangu aliliogopa jambo hilo kuliko simba.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, Mjomba alikuwa wa kwanza kusema na wa kwanza kukimbia. Alipanda mlimani akajificha kwenye mapango. Askari wa Mdachi walipokuja hawakukuta wanaume, basi wakatukamata sisi wanawake na watoto, wakatufungia kwenye boma la miiba, juani, ili wanaume wajilete. Wanaume hawakujileta. Ghala zetu zilikombwa, kilichobaki kikatiwa moto.

Wale askari walikuwa wamesikia habari za mikate. Wakamtoa Mama wa Mikate bomani, wakamwambia aoke. Angekataa vipi, na bunduki iko mgongoni? Akaoka. Lakini kila alipowapelekea wao, alipita karibu na miiba akaturushia na sisi. Ile mikate ndiyo tuliyoishi nayo, mimi, mama na mdogo wangu. Siku walipoondoka walituachilia, na yeye wakamtupia kikapu cha mtama kuwa ndio ujira wake. Nilikiona kile kikapu kwa macho yangu. Ukingo wake niliusuka mimi. Kilikuwa kikapu chetu, na mtama ule ulitoka ghalani kwa Mjomba.

Mjomba aliposhuka mlimani, ametuna kama jogoo, alikusanya watu akasema, "Yule mwanamke amewalisha maadui. Nyumba yangu haitakula tena mkononi mwake."

Lo! Mtu aliyejificha pangoni! Nilimwambia mama, "Mtama ule ni wetu, mwambie kaka yako." Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. Watu wengine nao wakafuata, maana kumlaumu mwanamke mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuulizana nani alikuwa wapi. Baraza likawa tupu. Wakamsusa hata kwa salamu.

Kisha ikaja njaa. Shamba gani lingelimwa, na mbegu zimeungua? Tulichimba ming'oko, viazi vya mwituni, mpaka pori nalo likaisha. Miguu ya mdogo wangu ikavimba. Mtoto akililia chakula, bado unaye. Wetu alikuwa ameanza kunyamaza.

Mama akakata shauri twende Newala. Huko alikuwako dada yake, na habari zilisema kule kwenye uwanda wa juu mihogo bado imo ardhini. Kilichobaki ni safari tu, na mtoto alikuwa bado anaweza kubebwa. Mama akaenda kwa kaka yake kuomba amiminiwe unga.

Unga! Masasi nzima nani alikuwa na unga? Alikuwa nao mmoja tu. Ule mtama aliokuwa ameuficha na kuula kwa kubana, Mama wa Mikate alikuwa bado anao kidogo. Habari zikamfika, naye akaja mwenyewe kwetu na bakuli limefunikwa kwa jani. Akapiga magoti mbele ya Mjomba, yeye aliyemlisha miaka yote ile.

"Shikamoo, Baba. Nimesikia kuna safari. Huu hapa. Mizimu ikiukataa, basi mpikieni mtoto uji."

Mjomba hakuitikia hata salamu. "Rudi nao," akasema. "Mizimu ya kwetu haili unga wa askari. Na mtoto wangu haulambi. Nimetuma mtu Nanganga, italetwa pishi safi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimtazama, nikimwomba kwa macho aseme neno. Akasema, "Kaka ameshasema." Nami nikatoka, nikamfuata yule mama nyuma ya nyumba, sikujali nani ananiona. Alikuwa analia kwa hasira. Akanipeleka kwake, akaoka mkate mmoja, akaujaza kunde za mwisho alizokuwa nazo.

Kwetu huko Mjomba alikaa kizingitini siku kutwa, akiungoja unga wake safi. Huko Nanganga kwenyewe watu walikuwa wanakula mizizi. Mtu wake alipotokea, hakuwa na kitu ila vumbi la miguuni.

Nilipopata upenyo nikamlowekea mdogo wangu ule mkate kwenye maji. Nikampa kunde kwa kidole. Alizilamba, akajaribu kumeza, zikarudi. Tumbo lilikuwa limekwisha funga. Akausukuma mkate kwangu kwa mkono ambao sasa ulikuwa mfupa mtupu. "Chukua, dada," akasema. "Wewe una meno."

Akafa alfajiri, mgongoni kwa mama.

Sasa sikilizeni. Kwetu wachimba kaburi hawaondoki mikono mitupu. Maziko yasiyo na chakula ni aibu ya mkubwa wa ukoo, na mjomba wangu aliiogopa aibu kuliko Mungu wake. Akavaa kanzu yake, akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka kwenye baraza alilolisusa. Akabisha hodi. Akaomba unga. Na yule mama, Mungu amrehemu, hakumfukuza. Mimi ningemmwagia makaa. Alioka vyote alivyokuwa navyo, akaleta mikate kwenye kile kikapu chenye ukingo nilioufuma mimi.

Wachimba kaburi walikula. Mjomba akala. Akala wa kwanza, akachukua wa pili, akajifuta ndevu.

Nikasimama mbele yake, mimi mtoto wa kike, katikati ya watu wazima. "Unga wa askari huo, Mjomba."

Nilitaka anipige, angalau nijue imemwuma. Hakunipiga. Alimaliza kutafuna, akasema, "Msibani hapana ugomvi, mwanangu," akanyoosha mkono kikapuni.

Kesho yake mama aliniamsha kabla watu hawajatoka nje. Hakwenda kwa kaka yake kuaga. Tulipopita kwenye mti wa mizimu alitema mate chini, mwanamke yule yule aliyeogopa kila kitu, akaendelea kutembea. Tulipanda kwenda uwanda wa juu taratibu, tukilala tulipochokea. Dada yake mama alitupokea Newala kwa kata ya maji waliyoyateka mbali bondeni, na mihogo ya kuchemsha. Mama aliimega mihogo ile mara tatu, kisha akalitazama fungu la tatu, akalirudisha chunguni.

Njia nzima hakuna aliyechomwa hata na mwiba. Tulikwenda bila unga wowote, safi wala wa askari, na tulifika salama.