Salamu ya Mkono wa Kushoto

Miaka ile nilikuwa ghalani Dubai Investments Park, nikipakia makasha ya vigae. Ijumaa ndiyo siku tuliyopumzika, na mapumziko yangu yalikuwa kufua, kulala, na kupiga simu nyumbani Mombasa. Ijumaa moja niliilaza simu kifuani nikaiweka kwenye spika, maana hata kuishika sikioni mkono ulikuwa mzito.

Ami alipokea akiwa amekasirika. Ami ni mdogo wa marehemu baba, na ndiye anayekaa na wadogo zangu. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa kidato cha kwanza, alikuwa amejiunga na skauti. Jana yake aliingia barazani kutoka mazoezini, wageni wamekaa, akaamkia vizuri. Ami alipotoa mkono ubusiwe, mtoto akampa wake wa kushoto. Wageni wakatazamana. Sasa Ami ameamua: skauti basi, na kambi ya Jumamosi ijayo, ambako wangeapishwa, haendi.

"Wewe ndiye baba yao," aliniambia. "Lakini mwenye kukaa na watu hapa barazani ni mimi."

Nilijua mkono ule umetoka wapi. Darasa la saba nami nilivaa skafu ya skauti. Mwalimu alitukalisha uwanjani akatusimulia mambo yalivyoanza: mwanajeshi mmoja wa Kiingereza, baada ya vita vingi, aliwachukua wavulana, wa matajiri na wa vibarua, akawapeleka kisiwani kukaa kwenye mahema. Walipika wenyewe, wakajifunza kufuata nyayo, wakalala pamoja bila kuulizana baba zao ni nani. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Na salamu ya kushoto, alisema, mzee yule aliipata kwa mashujaa wa Afrika Magharibi. Mkono huo ndio unaoshika ngao. Ukimpa mtu, umeiweka ngao chini, umemwamini.

Kiapo nilikihifadhi, ila sikukila. Mama alikuwa ameshatangulia, na baba naye akafa kabla siku haijafika. Nikaacha shule, nikaenda kubeba mizigo sokoni.

Nikamweleza Ami habari ya ngao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao mashujaa wako," akauliza, "walikuwa wakichamba kwa mkono gani?"

Mwenzangu wa kitanda cha chini, mtu wa Kakamega, alicheka mpaka akainuka akaketi. Mimi sikuwa na nguvu za kucheka. Nilisema mtoto ataomba radhi mbele ya wageni wale wale, na nyumbani ataamkia kwa mkono wa kulia. Lakini kambini anakwenda. Ami akasema msichana halali hemani. Nikamwambia yuko mwalimu wa kike. Akaniuliza nimejuaje, nami niko Dubai.

"Basi nenda ukaone mwenyewe, Ami," nikasema. "Mimi siwezi kufika. Simama mahali pangu."

Akasema inshallah, ile ya kwetu, ambayo hujui kama ni ndiyo au siyo.

Wiki nzima nilipakia vigae nikiisikia inshallah hiyo. Jumamosi, wakati wa chakula, nimeketi kivulini nyuma ya lori, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu. Ameapishwa. Ami alikuja na kanzu yake ya Idi, akawakagulia mahema yote, akamhoji mwalimu mpaka mwalimu akachoka. Halafu wazazi waliitwa wawasalimie watoto wao kiskauti.

"Alinipa wa kulia, kaka, nikaubusu," alisema. "Kisha akatazama huku na huku kama yuko mtu wa mtaani kwetu, akanipa wa kushoto, haraka haraka. Amesema usiambiwe."

Nikausikiliza tena. Msimamizi akaita yalla, nikarudi kwenye vigae.