Asali ya Viazi Waliyoiita Dawa

Mama alitufundisha kupika asali ya viazi nyumbani kwetu Kishapu, mimi na kaka yangu, kwa sababu sukari ya dukani ilikuwa kitu cha Krismasi na cha wageni. Viazi vitamu ndivyo tulivyokuwa navyo. Hata baada ya kukata na kukausha vipande vyake, michembe, vya kutosha mwaka mzima, bado vilibaki. Mama alivichemsha hadi vikalainika, akaviponda kwa maji mengi vikawa kama uji. Uji ulipopoa kiasi cha kidole kuvumilia, alitia kimea, yaani mtama ulioloweshwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Akafunika sufuria kwa blanketi kuukuu, akaenda shambani.

Tuliporudi mchana, ule uji mzito ulikuwa umegeuka majimaji, na matamu ajabu. Mama aliyachuja kwa kitambaa, akayarudisha motoni, akayachemsha polepole hadi yakawa mazito, ya kahawia, yanavutika kwenye mwiko. Kijiko kimoja kilitosha kikombe cha chai. Mama hakuwahi kusema ni dawa. Alisema ni tamu, basi.

Miaka mingi baadaye nilihamia Nyarugusu, nikafungua kibanda cha chai karibu na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kuna msimu sukari iliadimika, wenye maduka wakawa wanaificha na kuwauzia wanaojuana nao. Nikakumbuka sufuria ya mama. Nilipika, nikawapa wachimbaji bila kuwaambia ni nini. Wakaja tena kesho yake wakiulizia "ile chai yenye harufu ya kiazi cha kuchoma." Hata mzee mmoja wa Kigoma, mnywaji wa kahawa chungu, alianza kudondoshea kidogo kwenye kikombe chake.

Mteja wangu wa kila siku alikuwa jirani, fundi cherehani, mjane wa umri wangu. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na nilijua, kwa sababu kila asubuhi alimeza vidonge vyake pale pale kwenye benchi langu, na chai yake ilikuwa kavu, bila sukari, siku zote.

Kaka yangu alinitembelea msimu huo. Alionja, akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, unahangaika na vikombe vya chai wakati umekalia dhahabu."

Akaomba nimpikie madumu. Nikampikia. Ni kaka yangu mkubwa, na nilifurahi kwamba kitu cha mama kinapendwa. Sikumuuliza anaiuza wapi wala anasema nini anapoiuza. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo.

La pili ni hili. Siku moja jirani yangu alirudi kutoka Nyahanga, kule Kahama, alikokwenda kumwona binti yake. Alikuja moja kwa moja kibandani, anacheka, ana chupa mkononi.

"Kumbe wewe mwenzangu mchoyo! Dawa unayo, hii hii unayokoroga hapa, unaniacha nanywa chai kavu miaka yote hii?"

Kwenye chupa kulikuwa na picha ya mama yangu amejifunga kitenge kichwani. Chini yake maandishi makubwa: TIBA YA ASILI. INAPONYA KISUKARI.

Nilitazama ile picha. Nikacheka. Nikasema, "Huyo kaka yangu na maneno yake," nikageuka kumhudumia mtu mwingine. Sikusema: rudisha. Sikusema: hii ni viazi tu, usiiguse. Nilikuwa na wateja. Niliona haya kumwita kaka yangu mwongo mbele za watu.

Jirani yangu akaacha kuja na vidonge. Niliona benchini havipo, nikadhani anavimeza nyumbani.

Baada ya miezi kadhaa alipata lengelenge mguuni, kutokana na viatu vipya. Mtu mwingine angepona kwa wiki. Lake lilichimbika, likaoza, na alipopelekwa hospitali walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Nilikwenda kumwona. Kando ya kitanda, kwenye kikapu, ilikuwepo chupa nyingine kama ile, imebaki robo. Muuguzi aliishika kama mtu anavyoshika panya aliyekufa.

"Nani alimwambia aache vidonge anywe hii? Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni!"

"Ni viazi," nikasema. "Haina sukari ya dukani."

Alinisukumizia chupa mikononi. "Mama, miwa, viazi, asali ya nyuki, vyote ni sukari vikishaingia kwa mtu kama huyu. Mwili wake haujui umenunua wapi."

Jirani yangu alikuwa amelala macho wazi, anasikia kila kitu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa pedali nitakanyagaje?" Maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga.

Nilitoka pale na ile chupa. Sikulia. Nilipanda gari la Shinyanga, na kesho yake nikawa Kishapu, mlangoni kwa mama. Hata shikamoo niliitoa nusu.

"Mama, ulimpa kaka picha yako aibandike kwenye chupa?"

"Picha gani? Alinipiga picha, akasema ni ya kitambulisho."

Nikamsomea maandishi, maana mama hakusoma shule. Nikamweleza habari za mguu. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Leo ni siku ya mnada," akasema. "Yuko kule."

Tulimkuta kati ya wauza ng'ombe na wauza mitumba, amesimama kwenye pikapu ya kukodi, kipaza sauti mdomoni, chupa zimepangwa kama askari wa gwaride. Alikuwa anasema kwamba bibi huyu pichani ana miaka tisini na hajawahi kuugua. Mama hata themanini hajafika, na magoti yanamsumbua kila masika.

Alipotuona alitabasamu. "Huyu hapa mama mwenyewe! Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga makofi. Mama alinyoosha mkono, na yeye, kwa ujinga wake au kwa kujiamini, akampa kile kipaza sauti. Mama aliongea Kisukuma, polepole, kama anavyoongea na mtu asiyesikia vizuri. Alisema: kuipika hii niliwafundisha mimi. Ni viazi na kimea. Haiponyi hata mafua. Kuna mwanamke amekatwa mguu kwa ajili ya uongo wa huyu mwanangu. Mwenye kisukari asiiguse.

Wengine wakacheka. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Bibi, mimi imenisaidia, usitufungie riziki!" Na hili ndilo linalonichoma mpaka leo: wanawake wawili walisogea mbele, wakanunua chupa mbele ya macho yetu, wakati mama bado ameshika kipaza sauti.

Kaka alishuka, akanivuta kando.

"Mnaniaibisha mbele za watu. Nimemlazimisha nani kunywa?"

"Umeandika inaponya!"

"Watu wazima wana akili zao. Na aliyepika nani? Si wewe?"

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima, kabla ya siku ile wala baada yake. Mkono uliniuma.

Basi ukoo ukakaa. Wajomba, baba wadogo, wote walikuja. Nilidhani wanakaa kwa ajili ya mguu wa mtu. Walikaa kwa ajili ya kofi. Nikaambiwa niombe radhi, kwa kuwa nimemwaibisha kaka mkubwa hadharani na kumtumia mama mzee kama fimbo. Mama akawaambia hakuna aliyemtumia, alikwenda kwa miguu yake. Hawakumsikiliza. Nilikataa kuomba radhi, nikaondoka kabla chakula hakijaiva.

Sikumpikia kaka tena, naye hauzi tena asali ya viazi. Nasikia siku hizi anauza mizizi ya nguvu za kiume, kuelekea Tabora.

Jirani yangu alirudi. Fundi mmoja wa karasha alimtengenezea cherehani yake mpini wa kuzungusha kwa mkono. Anashona polepole, na wateja wengine wamehamia kwa mafundi wenye haraka. Mwezi uliopita kaka alimpigia simu kumpa pole, akamwambia eti ni mipango ya Mungu. Jirani akamsamehe. Alinieleza hivyo akiwa ameketi benchini kwangu, mkongojo umeegemea meza, vidonge vyake kiganjani.

"Na wewe msamehe," akasema. "Hasira itakuua."

Nilimmiminia chai yake kavu. Nikamwambia kusamehe ni haki yake, mguu ulikuwa wake. Kisha nikaingia nyuma ya kibanda kukoroga sufuria ya asali ya viazi, nikakoroga kwa nguvu hadi rojo likaruka, likaniunguza mkononi.