Mihogo Michungu katika Maji Baridi

Harufu ya mihogo inayovunda majini haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina uchachu wa maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni, ina uzito wa matope, na ikishaingia katika nguo haitoki kwa sabuni. Sisi wa milima ya Masisi hatukuizoea. Chakula chetu kilikuwa maharage, viazi, ndizi na bugali, yaani ugali, wa mtama. Muhogo tulioujua ni ule mtamu, unaochomwa majivuni na kuliwa siku hiyo hiyo. Harufu ile ililetwa nyumbani kwetu na Feza, mke wa baba yangu mdogo, aliyeolewa kutoka Buleusa, kule chini upande wa msitu wa Walikale. Alikuja na mafungu ya vijiti vya muhogo mchungu, akavipanda bondeni, na tangu siku hiyo bibi yangu, tuliyemwita Koko, akawa anamtazama kama mtu atazamavyo jani la kigeni lililoota katikati ya maharage yake.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Feza hakuwa na mtoto. Alimpenda mdogo wangu Bauma, ambaye bado alibebwa mgongoni, na Koko aliona upendo huo ni mwingi kupita kiasi. Kwetu anayepakua chakula huonja kwanza mbele ya walaji, na Feza alionja kila mara bila kukumbushwa; lakini Koko alimhesabia tonge. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na bibi yangu aliishi akizipekua nguo zake. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ya mawe iliyalaza maharage yote. Wakubwa walizunguka shamba lile, wakarudi, wakaketi. Chakula kilichobaki kilikuwa chini ya ardhi, bondeni, na kilikuwa cha Feza.

Aliimenya mihogo yake akailoweka katika shimo kando ya kijito, akaifunika kwa majani ya mgomba. Siku ya pili harufu ikaanza kupanda mpaka uani.

“Kitu inanuka vile, ni ya kula ao ni dawa?” Koko aliuliza kwa sauti ya kusikika nyumba zote.

“Koko, kwetu tunakulaka hii tangu zamani. Inapashwa kuoza kidogo njo uchungu itoke.”

“Kwenu munaoza vyakula. Siye tunapikaka.”

Watu walicheka, na Feza naye alicheka, ingawa macho yake hayakucheka. Alipotimiza idadi ya siku aliyofundishwa na mama yake, aliitoa mihogo. Nilikuwapo. Aliibonyeza kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Michache ililainika, mingi ilikuwa bado migumu kama kuni. Akatazama juu, kwenye njia ya nyumbani. “Kuna mutu alinichezea mu maji,” alisema polepole. Alidhani ametegewa dawa. Njaa haikumpa nafasi ya kungoja. Aliitwanga, akaikausha juu ya moshi wa jiko kwa kuwa jua halikuonekana, akatupikia bugali.

Ulikuwa mchungu. Aliuonja kwanza, akakunja uso, akatupakulia. Wakubwa walikula kidogo wakaacha, kichwa kikawauma, wakalala. Bauma alikuwa mdogo kuliko wote na mwenye njaa kuliko wote. Alikula sehemu yake, akala na yangu, kwa kuwa mimi uchungu ulinishinda. Jioni miguu yake haikumbeba. Alitapika, akaanza kuhema kama aliyetoka kukimbia, na kabla hawajapatikana watu wa kumbeba hadi kwa mganga wa misioni alikuwa ametuacha.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Koko hakupaza sauti. “Siye wote tulikula chungu moja,” alisema. “Kwa nini huyu moja? Kwa nini ule Feza alikuwa anabeba kila siku?”

“Nilionja mbele yenu wote,” Feza alijibu. “Ulizeni nani aliingia mu jikoni yangu wakati nilienda kuchota maji.” Alisema hivyo akimtazama Koko usoni, na kila mtu alimwona. Baba mdogo alitazama mikono yake. Feza alirudishwa kwao Buleusa kesho yake. Alipotaka kuniaga nilificha mikono mgongoni.

Miaka ya hamsini nilipata nafasi ya sekondari. Siku moja padri aliyetufundisha kemia ya viumbe alileta muhogo darasani. Alisema ndani ya muhogo mchungu kuna vitu viwili vilivyowekwa mbalimbali, kila kimoja hakina madhara makubwa. Ukiuponda, vinakutana, na sumu inazaliwa. Ukiuloweka, viumbe wadogo wasioonekana wanaulainisha mpaka sumu hiyo inapata njia ya kutoka. Lakini viumbe hao, alisema, hupenda joto. Katika maji baridi hufanya kazi kwa uvivu. Nikakiona kijito chetu, kinachotoka katika ukungu wa milima, kinachofanya vidole vife ganzi. Siku zilizotosha katika maji ya joto ya Buleusa hazikutosha kwetu. Mwili mdogo ulizidiwa na sehemu mbili za chakula. Hakuna mtu aliyemtegea mtu.

Likizo ilipofika nilitembea hadi Buleusa nikiwa na furaha ya mjinga. Nilimkuta Feza akiwa na mume mwingine na mtoto mmoja wa kike. Nilimweleza yote: sumu, viumbe wadogo, baridi. Nilimwambia kwamba hakuna aliyeingia jikoni mwake. Nilingoja atabasamu.

“Basi njo mimi nilimuua,” alisema.

“Hapana, mama mudogo, ilikuwa maji—”

“Maji haikupika. Miaka hii yote nililala usingizi, kwa sababu nilijua haikuwa mukono yangu. Nilijua ni Koko yenu.” Akamvuta mtoto wake karibu. “Masomo yako iko muzuri, mutoto yangu. Ungebakiaka nayo.”

Koko naye nilimweleza niliporudi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba Feza amenilisha kitu.

Leo vijana wa Masisi wanapita kwa pikipiki pale palipokuwa shamba letu, na muhogo mchungu unauzwa sokoni ukiwa unga. Hata hivyo mtu akiugua ghafla, jina la jirani hutajwa kabla ya jina la ugonjwa. Wajukuu wangu waliosoma wanacheka mambo hayo na wanataka kuwasahihisha wazee mbele za watu. Nawaambia kweli isemwe, lakini kwanza waulize inakwenda kulala nyumba ya nani. Mimi sikuuliza. Niliupeleka ukweli Buleusa kama zawadi, nikamwachia mwanamke kaburi la mtoto, nikarudi shuleni kuendelea na masomo.